Agnetha na Ndugu wa Kuchanjiana wa Mumewe

Agnetha Nkwimba ni binti Stanslaus, Stanslaus wa Lufunga, Lufunga wa Jilala, watu wa Kishapu. Jilala ndiye yule aliyeswaga ng'ombe arobaini mwaka wa njaa hadi mto Sibiti akarudi na kumi na mmoja, na maziwa ya hao kumi na mmoja yalianza kwa watoto wa jirani kabla ya kufika kwake. Lufunga alichekecha mchanga nje ya Songwa miaka kumi na tisa asipate almasi hata ya ukubwa wa jicho la kuku, na hakuna aliyemsikia akimsema vibaya aliyepata. Stanslaus, mwaka ambao kijiji kizima kilinyunyizia pamba maji ili iwe nzito kwenye mizani, alipeleka yake kavu, akachekwa msimu mzima, na msimu uliofuata akapeleka kavu tena. Agnetha mwenyewe alishika plau akiwa na miaka kumi na miwili, kaka yake alipovunjika mguu. Kwetu msichana hashiki plau. Yeye alilima ekari nne na watu wamesimama njiani wanapiga miluzi. Na hapa Nyabugera, senta yetu ndogo upande wa Buseresere, ndiye mwanamke wa kwanza kuendesha karasha kwa mkono wake, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ambayo imekwisha kumeza vidole vya wanaume wengi wazembe.

Nayaweka haya mwanzoni ili mtu asidhani nasimulia habari za mwanamke wa hovyo. Walimuita hivyo, tena kwa sauti, na mimi nilikuwapo. Mimi ni shangazi wa Donatus, mumewe. Sikuwa upande wa Agnetha tangu mwanzo na sitajifanya kuwa nilikuwa.

Donatus alikuwa na duara. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, linashuka mita thelathini, arobaini, na mtu huteremka kwa kamba. Ukiwa chini, roho yako iko kwenye viganja vya aliyeko juu. Kwa hiyo wachimbaji hawaulizani kabila wala dini, wanaulizana nani ameshika kamba.

Aliyeshika ya Donatus alikuwa Magesa, mtu wa Tarime, mrefu, mwenye maneno machache. Siku moja udongo uliporomoka, Donatus akabaki ananing'inia katikati ya shimo na wenzake wote wamekimbia. Magesa aliishika ile kamba peke yake mpaka watu waliporudi. Ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye kamba. Donatus alipofika juu hakusema asante. Alisema, "Kuanzia leo wewe si rafiki yangu. Wewe ni ndugu yangu, na tutakwenda kwa mzee."

Mzee ni Benjamini, mkubwa wa ukoo wetu. Aliwachanja uani kwa Donatus, asubuhi, watu wakiwa wamejaa. Akamchanja kila mmoja chini ya kifua, akachovya vipande vya ini la mbuzi kwenye damu, kila mmoja akala damu ya mwenzake. Kisha maneno. Magesa aliyasema kwa Kisukuma chake kibovu, tukacheka, lakini aliyasema yote: mtoto wako ni wangu, njaa yako ni yangu, mkeo ni shemeji yangu, na nikimtazama vingine kamba inikatikie.

Agnetha alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akasema, "Haya, ndugu wapya, njooni mle kabla damu haijakauka." Ndivyo alivyokuwa, mdomo wake hauna mlango.

Miaka saba walikaa hivyo vizuri. Magesa akila kwa Donatus, watoto watatu wa Donatus wakimuita baba mdogo. Hakuoa. Dada yake mkubwa, Bhoke, alikuwa akipiga simu kutoka Tarime kila mwezi kumuuliza atawaletea lini mke, kwa kuwa yeye ndiye mwanamume pekee aliyebaki kwenye boma la baba yao. Magesa alikuwa akisogea pembeni na simu yake, sisi tunasikia tu, "Ndiyo, dada. Mwakani, dada."

Donatus hakufa shimoni. Alikufa kitandani kwa homa ya siku nne, ana miaka arobaini na miwili. Wa kumwosha walikuwapo wengi, lakini kwenye kaburi alishuka Magesa.

Sasa sikilizeni vizuri mambo ya msiba huo, kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nayo. Ndugu wa Donatus ni watatu, na mkubwa wao ni Marcel. Marcel ni katibu wa sungusungu, ulinzi wetu wa kijiji, na ana wake wawili. Siku ya kuanua matanga walitakiwa ng'ombe wa kulisha watu, na mwaka ule ulikuwa mkavu, ng'ombe wamekonda. Marcel akamfuata Magesa, nikisikia kwa masikio yangu.

"Wewe ni ndugu au si ndugu?"

"Ni ndugu," Magesa akajibu.

"Ndugu wanatoa fahali. Toa fahali."

Magesa aliondoka kwa miguu, akarudi baada ya siku mbili akiswaga fahali mwekundu mnene kuliko ng'ombe wote wa ukoo. Tukamla. Marcel alikula nundu. Asubuhi yake tukanyoa. Kwetu ndugu wa marehemu hunyolewa na shangazi, wakikaa mstari mmoja juu ya ngozi. Nilimnyoa Marcel, nikawanyoa wadogo zake wawili, nikakuta wa nne kwenye mstari ni Magesa. Nikamtazama Marcel. Marcel akasema, "Mnyoe na huyo, ametoa fahali." Nikanyoa. Nilichoka, jua lilikuwa kali, sikufikiri.

Jioni ile ile kikao cha ukoo kilimwita Agnetha aseme nani atamrithi. Hakuna aliyemwita Magesa kwenye kikao hicho. Marcel alikuwa amekwisha kuvaa koti. Agnetha alisema, "Bado nalia. Nipeni muda." Mjane ana haki ya kuomba muda, akapewa. Marcel akavua koti.

Muda ule ulifika miaka miwili.

Nilikuwa nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, nikaona kila kitu, au nilidhani naona. Magesa hakuingia tena uani kwa Agnetha tangu msiba. Alileta mawe ya mgawo wa Donatus kutoka kwenye duara, akayashusha nje ya ua wa minyaa, akasimama huko huko nje. Agnetha akisimama ndani. Wakiongea na minyaa katikati, mtu hamuoni mwenzake isipokuwa kipande cha shati au kitenge.

"Shemeji, mifuko sita hiyo."

"Nimeona. Watoto wanakusalimu."

"Nawasikia. Yule mdogo anakohoa."

"Amepata dawa."

"Sawa, shemeji."

Basi. Agnetha akitoka kuweka sahani ya ugali juu ya kigoda nje ya ua, halafu anarudi ndani. Magesa anakula amesimama, anaacha sahani, anaondoka. Wachimbaji wakamtania, "We mtu wa Mara, shemeji yako ana ukoma?" Alimaliza ugali wake akaondoka. Nilipoona vile nilifurahi, nikasema huyu kijana ana heshima. Sikujua kwamba mtu anayejilinda namna ile anajua anajilinda na nini.

Ilianza kubadilika kwa vitu vidogo. Yale maneno ya minyaa yakawa marefu. Wakati wa kupalilia mpunga nilimsikia Agnetha anacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu Donatus azikwe, na nje ya ua amesimama Magesa. Nikamwambia siku ya pili, "Agnetha, mayu, mama yangu, chagua mmoja wa wale ndugu upumzike. Mdogo wao yule si mbaya."

"Shangazi, umewahi kuvaa kiatu cha mtu kwa sababu tu kipo mlangoni?"

"Nimevaa. Nilivaa miaka thelathini na nane, na nilitembea nacho."

Halafu akasema, "Pole, shangazi." Hakukusudia kuniudhi, lakini iliniingia.

Siku waliyoacha kuongea na minyaa katikati sikuiona, na anayesema aliiona ni mwongo. Ninachojua ni kwamba mwezi wa tatu Agnetha aliacha kunywa chai ya maziwa, na mwezi wa tano Mariana wa mgahawa, jirani yetu, alimtazama akiinua ndoo kisimani na kusema mbele ya wanawake kumi, "Mama Noela, hiyo ndoo unaibeba kwa tumbo siku hizi?"

Agnetha akashusha ndoo. Akasema, "Naibeba na ninachokibeba. Uliza unachotaka kuuliza."

"Mimi niulize nini? Marehemu ana miaka miwili ardhini, labda amekuja likizo."

Wanawake wakacheka, wengine wakaziba midomo. Kabla jua halijafika utosini habari ilikuwa kwenye maduara yote.

Na huko ndiko ilikoharibikia. Duara la Donatus lilikuwa limepoteza mshipa wa dhahabu tangu mwezi wa pili, wanachimba jiwe tupu. Wachimbaji wana imani zao. Wakasema sasa tumejua, damu ya kuchanjiana imekasirika, dhahabu imekimbia. Wote kumi na wanne wakagoma kushuka. Mmoja akamwambia Magesa usoni, "Ulikula kiapo kwamba kamba ikukatikie. Tatizo ni kwamba kwenye kamba tunakaa sisi." Wakamnyang'anya kamba. Magesa, ambaye mikono yake ile niliieleza, alisimama kando ya shimo mikono imening'inia kama mtu aliyesahau alikuja kufanya nini.

Sungusungu wakatangaza kumtenga Agnetha. Msiojua kutengwa, nitawaeleza kwa ufupi. Hakuna anayekusalimu wala kukujibu. Hupewi moto, huchoti kisima cha watu, hakuna anayekuuzia hata kiberiti. Ukifiwa unazika mwenyewe. Anayekusemesha anatozwa ng'ombe. Karasha ikasimama. Marcel akaja na vijana wanne wenye pinde akawachukua watoto, Noela wa miaka kumi na saba na wadogo zake wawili, akasema watoto wa ukoo hawawezi kulelewa kwenye uchafu. Noela hakulia. Alitoka na begi lake la shule, akapita mbele ya mama yake bila kumtazama. Aliyembeba mgongoni yule mdogo ni yeye.

Wiki tatu. Agnetha alikuwa akitembea saa nzima kwenda kuchota maji kwenye lambo la ng'ombe, akipita mbele ya nyumba yangu na ndoo, mimi nimekaa nachambua mchicha. Ananisalimu kila siku. "Shikamoo, shangazi." Nami nachambua mchicha. Niliogopa kutozwa ng'ombe, na nilikuwa na hasira pia. Vyote viwili.

Kikao kiliitwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, uani kwa Marcel. Sungusungu walizunguka ua, pinde mgongoni, fimbo mikononi. Magesa alikalishwa chini upande mmoja, Agnetha upande mwingine. Mzee Benjamini alikaa kwenye kiti cha plastiki, nasi shangazi na wazee kwenye magogo. Noela na wadogo zake walisimama nyuma ya baba yao mkubwa.

Agnetha alipofika alisema, "Shikamooni, wazee."

Hakuna aliyeitikia. Kuku akalia nyuma ya nyumba.

Marcel akasimama. "Hukumu iko wazi. Huyu mtu wa Mara aondoke kabla jua halijazama. Akikutwa kesho, vijana wanajua kazi yao. Huyu mwanamke arudishwe kwao Kishapu. Watoto wa Donatus wanabaki. Na hicho kilichomo tumboni akizae huko huko, hatukijui."

Vijana wakagonga fimbo chini. Magesa aliinua uso, sio kwa Marcel, kwa Agnetha, halafu akauinamisha tena. Nilimuona Agnetha akiwatazama watoto wake. Watoto watatu walikuwa hatua kumi kutoka kwake. Angetoka pale bila watoto na bila mwanamume, na njia ya Kishapu ingemchukua na tumbo la miezi mitano.

Mzee Benjamini akasema, "Mwenye neno?"

"Ninalo," Agnetha akasema.

"Aliyetengwa hana neno," akasema Marcel.

"Ukoo haujamtenga," mzee akajibu bila kumtazama. "Sungusungu ndio wamemtenga. Hapa ni ukoo. Sema, mayu."

Agnetha akasimama. Hakuanza na mzee. Alimgeukia Marcel.

"Shemeji, Donatus alipokuwa hai, uliniita nani?"

"Nilikuita shemeji, ungetaka nikuite malkia?"

"Na ungenigusa Donatus akiwa hai, ungekuwa nani?"

"Ningekuwa mbwa! Kama huyu!"

"Na alipokufa, jioni ya matanga, ulivaa koti ukakaa mbele yangu nikuchague. Ulikuwa mbwa pia, au ulikuwa nani?"

Watu wakajizuia kucheka. Marcel akasema, "Mimi ni ndugu! Ndugu anarithi! Hiyo ni desturi!"

"Wabeja," Agnetha akasema. Maana yake asante. "Nilitaka hilo lisemwe na mdomo wako. Kiapo cha Magesa kilisema mkeo ni shemeji yangu. Ndugu wote wana kiapo hicho hicho kwa mke wa ndugu yao, hata kama hawakukisema. Kifo kikija kinafunguka. Kwako kilifunguka. Kwake kilifungwa na nani?"

"Yeye si wa damu!"

"Aliila. Mbele yenu."

"Damu ya ini la mbuzi! Kuchanjiana ni kwa ajili ya kazi ya shimoni. Kurithi ni kwa watu waliokaa kwenye ngozi wakanyolewa!"

Marcel alipotamka hivyo akawa kama mtu aliyekanyaga hewa. Agnetha alikuwa amegeuka, ananitazama mimi.

"Shangazi," akasema, "wembe ulishika wewe. Uliwanyoa wangapi?"

Nitasema ukweli. Nilitamani kusema watatu. Wengi siku ile ya kunyoa walikuwa wamelala kwa uchovu au wamekwenda kisimani, angeaminiwa nani? Marcel alinikazia macho. Noela naye alinitazama, uso umekakamaa. Nyumba yangu iko kwenye kiwanja cha Marcel, bati langu alinunua Marcel. Na mimi mwenyewe, mrithi wangu nilimpokea kwa sababu nilipangiwa, nikakaa naye miaka thelathini na nane, sikuona kwa nini mwingine achague.

Mzee Benjamini akasema, "Dada, umeulizwa."

"Wanne," nikasema.

"Wa nne nani?"

"Magesa. Marcel ndiye aliniambia nimnyoe. Alisema ametoa fahali."

Ua ukalipuka. Mwingine anasema ni kweli, mwingine anasema bibi amezeeka. Marcel akapiga kelele juu ya wote, "Ni mtu wa kabila jingine! Tangu lini!"

Mzee Benjamini akasubiri mpaka wamechoka. "Marcel, ile nundu uliyokula, fahali wake alikuwa wa kabila gani?"

Hapo hata vijana wa pinde walicheka. Marcel akakaa. Kosa lilikuwa lake na alilijua: alitaka fahali, akamfanya mtu ndugu, akasahau kwamba ukishamfanya mtu ndugu huwezi kumfanya nusu.

Nilidhani tumemaliza. Magesa naye alikuwa ameanza kuinuka. Mzee akainua mkono.

"Kaa. Sijasema mwende mkachekelee. Mtu amerithi kabla ya kikao kumpa. Mtatoa mbuzi wa kuosha kosa hilo. Na sasa sikilizeni wote wawili. Huyu akirithi, anarithi nyumba ya Donatus. Si ndoa yake. Ni nyumba ya Donatus. Kilichomo tumboni ni mtoto wa Donatus, na atakayefuata, na atakayefuata. Magesa hatampeleka mwanamke huyu Tarime, wala mtoto wake hatalala kwenye boma la babu yake wa Tarime. Jina la baba yako, kijana, halitatoka kwenye tumbo hili. Ukitaka jina lako, simama sasa hivi uende, na hakuna atakayekugusa njiani. Ukikaa, umekaa."

Agnetha alifungua mdomo. "Mzee, mimi sikuomba kurithiwa. Nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Sina cha kukupa zaidi ya hiki."

Agnetha alikuwa ametumia desturi kumtoa Magesa shimoni, na kamba ile ile sasa ilikuwa imemzunguka kiuno. Wote tukamtazama Magesa. Mtoto mdogo wa Agnetha akaanza kulia na Noela akamziba mdomo kwa kiganja. Magesa ndiye mwanamume pekee wa boma la baba yake.

Magesa akasema polepole, kwa kile Kisukuma chake kibovu, na safari hii hakuna aliyecheka, "Nani atamwambia Bhoke?"

Mzee Benjamini akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jibu: amekaa. Halafu akamgeukia Agnetha. "Marahaba, mayu. Ulitusalimu muda mrefu umepita."

Watoto walirudi nyumbani jioni ile. Wachimbaji hawakumrudishia Magesa kamba. Walisema ukoo ni ukoo na shimo ni shimo, mpaka leo anafanya kazi ya kupakia mawe kwenye karasha ya mkewe. Marcel hajanisemesha tangu siku hiyo, na bati lake bado liko juu ya kichwa changu, nalisikia kila mvua ikinyesha.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa Agnetha kumpa pole, au hongera, sikujua nilete ipi. Nikamkuta uani amekaa na Noela. Yule binti alikuwa amerudi lakini alikuwa bado hajamjibu mama yake hata neno moja. Magesa alikuwa nje anapasua kuni, shoka linasikika. Nikataka kurudi, Agnetha akasema, "Kaa, shangazi, usikie."

Akamwambia Noela, "Kesho kuna basi la Mwanza saa kumi na mbili. Mwanza utapanda la Tarime. Utakwenda kwa Bhoke."

Noela akainua kichwa. Akasahau kwamba haongei. "Mimi? Kwa nini asiende mwenyewe?"

"Akienda mwenyewe hawatamwachia arudi. Dada yake atalia, wazee watakaa, na yeye hawezi kumkatalia dada yake anayelia. Mimi nikienda na hili tumbo, nitakuwa nimekwenda kumtukana."

"Na simu?"

"Mtu amempoteza ndugu yake, unamwambia kwa simu?"

"Mama, mimi nilikuwa upande wa baba mkubwa. Unajua. Nilitaka huyu afukuzwe."

"Najua. Ndiyo maana nakutuma. Anayenipenda atapamba maneno. Wewe utayasema kama yalivyo." Akamshika mkono, na Noela hakuuvuta. "Wewe ni mtoto mkubwa wa Donatus. Nyumba iliyomchukua ndugu yao ni nyumba ya baba yako, kwa hiyo mdomo wa nyumba hiyo ni wako, si wangu. Utamsalimia Bhoke kwa heshima, kama shangazi yako. Utamwambia, mimi ni binti wa Donatus, kaka yako sasa ni mtu wa kwetu, na mtoto atakayezaliwa hatabeba jina la baba yenu. Umesikia? Hilo la mwisho usilimeze."

"Akinitukana?"

"Atakutukana. Msikilize mpaka amalize."

"Akinipiga?"

Agnetha akafikiri. "Atakuwa na haki ya kibao kimoja. Cha pili kinga." Kisha akamvuta karibu. "Na akikukaribisha kiti, usikae kabla hujasema. Ukikaa atakupa chakula, na ukishakula chakula chake utaogopa kumwambia. Sema ukiwa umesimama, mlangoni, ndipo ukae."